Upande wa Kushoto wa Mjerumani

Ukitaka kumuudhi Fundi Kufuli, iite pikipiki yake pikipiki. Pikipiki ni hizi za leo, angekuambia, hizi zinazolia kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Yake ilikuwa Mjerumani, na mtaa mzima, mkubwa kwa mdogo, uliiita hivyo hivyo. Ilikuwa nyeusi, ina mistari miwili myembamba myeupe kwenye tangi, na silinda zake mbili zilichomoza ubavuni, moja kulia na moja kushoto, kama mtu aliyeshika kiuno. Haikuwa na mnyororo wa kukatika njiani. Umri wake ulikuwa wa mtu mwenye wajukuu, na bado ukiipiga kiki asubuhi ya baridi ilikuwa inaitika kabla hujavuta pumzi ya pili.

Aliipata ujanani. Kazi yake ilikuwa makufuli na vitasa, katika kibanda cha mabati kisichozidi kabati, na siku moja aliitwa kuvunja kufuli la stoo ambayo mwenyewe alikuwa amekufa na funguo hazionekani. Ndani walikuta mafaili yaliyoliwa na panya, na kitu kirefu kilichofunikwa na vinyesi vya kuku. Warithi wakamwambia achukue hicho chuma kiwe ndiyo ujira wake, wakacheka. Akakisukuma hadi nyumbani, na majirani nao wakacheka. Mkewe ndiye hakucheka. Alitazama chuma, akamtazama mume, akasema, "Umekwenda kutafuta unga umerudi na mzoga." Kisha akaenda kuchemsha maji ya kuuosha.

Mtu aliyezoea kuchonga meno ya ufunguo hawezi kushindwa na kipande cha kabureta. Alikaa na tupa yake jioni baada ya jioni, akachonga, akapima, akatupa, akachonga tena, mpaka mzoga ukapiga chafya ukafufuka. Majirani wakaacha kucheka, wakaanza kuomba lifti.

Kigari cha ubavuni kilikuja baadaye, na hakikuja kwa anasa. Binti yao wa pekee aliugua homa kabla hajaanza shule, na homa ilipoondoka iliondoka na miguu yake. Njia ya kwenda kwao ni mawe, mitaro na mteremko, na kiti cha magurudumu walichopewa hospitali kilizama kwenye kokoto siku ya kwanza. Basi Fundi akamwendea mchomeleaji rafiki yake, wakakata bati la mlango wa gari bovu, wakalikunja, wakalitia gurudumu moja, wakalifunga upande wa kushoto wa Mjerumani kwa bolti nne nene. Mke akashona mto wa kukalia. Siku mtoto alipopita mtaani mara ya kwanza, kitambaa kichwani, shingo juu, mtu mmoja akapiga kelele, "Pisheni, Malkia anapita!" Jina likamganda. Leo ana miaka zaidi ya thelathini na hata mimi sijui nimwite nini kingine.

Malkia akasoma kwa kigari, akajifunza kushona kwa kigari, na akapata kazi kwa kigari: karakana ya sare za shule, ng'ambo ya soko, mashine ya tatu kutoka dirishani. Mama yake alipozikwa, alikwenda makaburini kwa kigari. Kila asubuhi baba alimbeba mikononi kutoka mlangoni, akamkalisha, akampeleka. Karakanani wenzake walimtolea kile kiti cha magurudumu ambacho sasa kilikaa huko, kwenye sakafu ya saruji, mahali kilipokuwa na faida. Jioni safari iligeuzwa. Waliwahi kujaribu teksi, Mjerumani alipokuwa anasubiri kipuri. Dereva wa kwanza alimwacha Malkia kwenye baraza la karakana mpaka taa zikazimwa, wa pili akamdondosha wakati wa kumshusha. Hawakujaribu tena.

Hadithi ingeishia hapa kama dunia ingekuwa na adabu.

Lakini kuna maradhi yanaitwa presha ya macho. Hayaumi, na hiyo ndiyo hila yake. Yanakula pembeni kwanza, kidogo kidogo, kama panya anavyokula mkate kuanzia kwenye ganda, na katikati unaona vizuri kabisa mpaka unajisifu. Fundi aliendelea kuuona mdomo wa ufunguo kama kijana. Kilichopotea kilikuwa kitambaa. Miaka yote akiwa anaendesha, kitambaa cha Malkia kilikuwa kinapepea pembeni mwa jicho lake la kushoto, naye hakuwa anakitazama. Kilikuwapo tu, kama mtu anavyojua kwamba ana mkono. Asubuhi moja barabarani hakikuwapo. Akageuza kichwa chote akijua kabisa mtoto amedondoka, na Malkia alikuwa ametulia kwenye mto wake, anatafuna karanga.

"Kuna nini, baba?"

"Shingo tu. Nimeilalia vibaya."

Alikwenda kliniki ya macho peke yake. Daktari, mama mmoja mpole mwenye sauti ya uchovu, alimwonyesha vitone vya mwanga na kumwambia abonyeze kitufe kila akiona kimoja. Vingi hakuviona. "Mzee wangu," daktari akasema, "kilichokwenda hakirudi. Hii dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki, nayo haiahidi. Unaendesha chombo chochote?"

"Hapana," akajibu Fundi, na kofia ya pikipiki iko mapajani mwake.

Mwaka mzima akaendelea. Tusimpambe, alijua anachofanya. Alijipa sababu, na sababu haziishi kwa mtu anayezitaka: njia anaijua kwa moyo, mwendo ni wa kobe, anageuza kichwa kila mara. Na mwaka huo huo, kwa bahati mbaya au nzuri, Malkia akawa na mdomo. Zamani alikuwa akipanda hutulia, sasa tangu nyumbani hadi karakanani ni maneno tu. Mtazame yule mbuzi, baba. Huyu wa mkokoteni leo kajaza mabati. Watoto hao wa shule, soksi zimewashuka. Baba, shimo lile limekuwa bwawa, wataanza kuvua samaki. Mpaka Fundi, ambaye alihitaji masikio yake yote, akamwambia siku moja, "Mama, umekuwa redio. Hata betri hazikuishii?" Malkia akacheka, akaendelea.

Kilichomvunja ni ndoo ya maji. Wakitoka kwenye kona ya kisima, Malkia alipiga ukelele, "Baba, mama huyo! Mama!" Fundi akavuta usukani kulia bila kujua anamkwepa nani. Wakasikia plastiki ikipasuka. Mwanamke alikuwa amekaa chini barabarani, maji yamemlowesha, ndoo imekuwa vipande viwili, na kigari kilikuwa kimepita karibu na goti lake kiasi cha kuliacha na alama ya vumbi la gurudumu.

"We mzee, huoni?"

"Samahani sana mama yangu. Breki."

Mwanamke alitukana, na alikuwa na haki. Fundi alimlipa ndoo, akamfikisha Malkia kazini, akarudi nyumbani akimsukuma Mjerumani kwa mkono, njia yote, injini imezimwa. Uani akakaa chini. 

Hapo akaamua kuuza. Kumwegesha tu Mjerumani hakungetosha, alijijua. Mlevi haweki chupa chini ya kitanda akasema ameacha. Mjerumani akiwa uani, Jumatatu ingefika, Malkia angekuwa amevaa tayari, na yeye angesema leo tu.

Kuuza aliweza. Kumwambia binti yake sababu ndiko kulikomshinda. Angesemaje? Kwamba mwaka mzima amembeba bila kumwona? Jioni ile alimrudisha Malkia kwa kusukuma vilevile, injini imezimwa, na wakila akazungusha sahani yake na kusema, "Mjerumani amechoka. Injini imeliwa ndani. Nitatafuta mtu amchukue kabla hajawa chuma chakavu."

Malkia aliacha kutafuna. "Imeliwa ndani?"

"Ndani kabisa. Haitengenezeki."

"Na mimi?"

"Tutaona."

Njia ya mwongo ni fupi, na hii haikufika hata mwisho wa wiki.

Malkia aliomba ruhusa kazini hadi Jumatatu, na mnunuzi akaja Jumamosi mchana, kwa miguu, kofia ya pikipiki kwapani. Alikuwa mwalimu wa udereva, mtu mnene kidogo, shati limechomekwa vizuri, mwenye shule yake ndogo ya gari moja. Baba yake aliwahi kuwa na Mjerumani kama huyu, akasema, akauzwa wakati yeye bado mtoto, na tangu hapo amekuwa akimtafuta ndugu yake. Fundi alimpenda mara moja, na hilo lilimuumiza.

Kuna ufundi wa kuuza chombo kilichotunzwa, na wasiojua huharibu kwa kukiosha. Injini iliyooshwa ni kama mtuhumiwa aliyenyoa ndevu asubuhi ya kesi, kila mtu anajiuliza anaficha nini. Fundi aling'arisha tangi na kigari, lakini injini aliiacha na vumbi lake la wiki nzima, ili mgeni aone mwenyewe kwamba hakuna hata tone la oili lililotambaa juu yake. Wala hakuipasha moto. Mwalimu, kabla ya salamu kuisha vizuri, alichuchumaa akaweka kiganja kwenye silinda ya kulia, kisha ya kushoto. Zilikuwa baridi. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kwa sababu muuzaji anayewasha kabla mgeni hajafika anaficha injini isiyowaka ikiwa baridi.

"Naona nimekuja kwa mtu anayejua," akasema.

"Karibu, Mwalimu. Muulize yeye mwenyewe, mimi ni mtunzaji tu."

Malkia alikuwa amekaa kwenye baraza, mgongo ukutani, mapajani ana pindo la sketi ya mteja anayeishona nyumbani mwisho wa wiki. Hakuinua kichwa. "Mwalimu," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "kabla hujatoa neno, muulize baba habari za injini."

"Ina nini injini?"

"Imeliwa ndani. Kaniambia mwenyewe. Haitengenezeki."

Mwalimu akaondoa kiganja polepole. Akamtazama Fundi, akamtazama Mjerumani, akatazama vumbi kavu lisilo na doa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekaribishwa ndani kisha akaona nyoka kwenye mkeka.

"Mzee, hili linakuwaje?"

 Kitu gani kigumu zaidi, kusema kwamba binti yako mwongo, au kusema kwamba wewe ndiye mwongo?

"Basi tusibishane," Mwalimu akasema, naye alikuwa mtu wa haki. "Chombo hakisemi uongo. Washa, twende hadi barabara kubwa turudi. Wewe endesha, mimi nakaa kigarini. Kazi yangu miaka yote ni kukaa kushoto na kusikiliza watu wanavyoendesha. Kama injini imeliwa nitaisikia kabla ya kona ya kwanza."

Akavaa kofia. Akaingia kigarini, kikalalamika, akakaa kwenye mto alioushona marehemu, miguu imekunjwa. Akangoja.

Fundi alisimama na ufunguo mkononi. Jumamosi mchana njia ilikuwa imejaa: watoto, wanawake wenye ndoo, mikokoteni. Akienda, huenda akaua mtu, na huenda mtu huyo akawa mwalimu wa watu aliyekuja kwa miguu yake. Akikataa, mgeni ataondoka akijua kwamba Mjerumani ni mbovu na Fundi Kufuli ni tapeli. Habari itazunguka, hakuna atakayekuja tena, na Jumatatu itafika. Alimtazama Mjerumani, mistari ile miwili myeupe aliyoichora mwenyewe kwa brashi ya nywele chache, na akaona kwamba jambo moja hawezi kulivumilia: asingiziwe.

"Hana kosa," akasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mjerumani hana kosa lolote, ndani wala nje. Sikia, Mwalimu. Mimi ndiye mbovu. Macho. Upande huo uliokaa sikuoni. Nikitazama mbele, wewe haupo."

Sindano ya Malkia ilisimama.

Mwalimu akatoka kigarini, kwa taabu, akavua kofia. "Tangu lini?"

"Mwaka sasa."

"Na huyu binti umekuwa unambeba humu?"

"Kila siku."

Mwalimu alimtazama kwa namna ambayo Fundi alishukuru kutoiona yote. "Mzee wangu, ungemuua."

"Najua."

 Mwalimu aliomba ufunguo, akapiga kiki, Mjerumani akaitika kwa kiki ya kwanza bila kuulizwa zaidi, akatoka naye getini peke yake, pole pole, kama anayefundisha. Ua ukabaki na harufu ya petroli.

"Nilijua," Malkia akasema.

"Ulijua nini, mama?"

"Macho yako. Ile siku ulipogeuka ghafla ukanitazama kama uliyeona maiti, nikawaza. Siku ulipoukwaruza ule mkokoteni wa mabati uliokuwa waziwazi kushoto kwetu, nikajua. Unadhani nilikuwa redio kwa kupenda? Mbuzi huyo, baba. Watoto hao, baba. Shimo hilo, baba. Ningekuonyesha vipi tena?"

Fundi akakaa chini, pale pale kwenye kizingiti. Mwaka mzima ukapita mbele yake upya, na safari hii akiusikia vizuri.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeacha. Ukiacha, mimi nakaa hapa." Akaonyesha kwa sindano: baraza, ukuta, kamba ya nguo. "Basi nikanyamaza. Na wewe ukanyamaza. Yule mama wa ndoo nusura afe kwa kunyamaza kwetu sisi wawili. Silali vizuri tangu siku ile, usifikiri unateseka peke yako."

"Nisamehe."

"Ngoja, sijamaliza. Siku zote nilijua ipo siku utaniambia. Nilisema moyoni, akiniambia, nitamwambia haya baba, yameisha, tuuze. Nilikuwa tayari, nilikuwa nangoja neno lako tu. Ukaja na injini imeliwa ndani." Alivuta uzi mpaka ukakatika. "Leo nimekuchokoza makusudi nione. Mtu wa nje kagusa heshima ya pikipiki, dakika hiyo hiyo ukweli umetoka. Mjerumani ukamtetea. Mimi niliyekaa upande huo kila siku, kwangu ulikuwa na tutaona."

Mficha maradhi kilio humuumbua, waliosema walisema. Hawakusema kwamba atakayelia huenda si yeye. Malkia alikuwa analia bila sauti, na Fundi, ili amwone analia, ilibidi ageuze kichwa chote.

Alitafuta la kujibu. Alikuwa na kopo la funguo kibandani, mamia ya funguo, za kila namna, na mara nyingi alilimwaga lote na ule unaotakiwa usiwemo. Ndivyo ilivyokuwa.

Mwalimu akarudi. Hakusema mengi. Injini haina neno, alisema, hajawahi kusikia nyingine iliyo safi hivi, na hakupunguza bei hata kidogo. Ila kigari hakukihitaji. "Hiki si chake, Mzee, kiliongezwa. Namtaka Mjerumani alivyozaliwa. Kifungue tu, kibaki kwenu."

Fundi akaleta spana. Bolti zile hakuhitaji kuziona, vidole vilizijua. Tatu zilitoka bila shida. Ya nne iligoma, kwa sababu aliikaza mwenyewe, siku ile ya kwanza, kwa nguvu zote za mtu anayemweka mwanawe juu yake. Alipaka oili, akangoja, akavuta, Mwalimu akamsaidia, ikaachia. Kigari chenye gurudumu moja hakisimami. Kilianguka kando, wakakiegemeza ukutani na tofali.

Mwalimu alimshika Fundi mkono kwa mikono yake miwili. Alimwendea Malkia, akainama, akasema, "Dada, nitamtunza." Malkia akamjibu kwamba anaamini, na aliamini. Kisha injini ikaunguruma, nyepesi kuliko walivyoizoea kwa sababu haikuwa na wa kubeba, ikatoka getini.

Fundi alisimama karibu na baraza, uso kuelekea njiani. "Amefika wapi?"

 Kama Malkia asingejibu, nisingemlaumu.

"Kwa muuza mkaa," akasema.

"Anaendaje?"

"Taratibu. Anawapisha watoto."

"Sasa?"

"Amefika kwenye kona ya kisima. Amesimama. Anatazama huku na huku." Akanyoosha shingo. "Amepinda."

Mlio uliendelea kidogo nyuma ya nyumba, kisha ukachanganyika na milio mingine.

"Jumatatu wataweka mtu mwingine kwenye mashine yangu," Malkia akasema. "Sare hazingoji."

"Nitaongea nao."

"Ongea nao, baba." Akakunja sketi, akachomeka sindano kwenye kitambaa chake cha kichwa. "Sasa niingize ndani. Jua limefika miguuni."

Fundi aliinama, akapitisha mikono mahali alipoipitisha tangu mwanawe ana miaka minne, akamwinua. Alikuwa mzito kuliko asubuhi, au ndivyo alivyoona. Akageuka, akaelekea mlangoni, akitazama mbele.

"Kushoto, baba," Malkia akasema. "Miguu yangu."

Akasogea kulia kidogo, wakapita.